Kutoka Dakika hadi Alama: Jinsi Bima ya Ujerumani Inavyopima Utunzaji wa Nyumbani

Mtu mzima asiyeweza kuoga, kuvaa, kula wala kwenda msalani pasipo kusaidiwa, je, ni mgonjwa au si mgonjwa? Swali hili laonekana dogo, lakini bima yoyote ya afya hupatwa na kigugumizi ikiulizwa. Bima imezoea kumlipa daktari, kununua dawa, kugharimia vipimo na kitanda cha hospitali. Mkono unaomwinua mzee kitandani, unaomsugua mgongo na kumtilia uji kinywani, si dawa wala si kipimo. Tena mara nyingi ni mkono wa binti yake au wa mkwewe, nao haujapata kuandikwa katika hesabu yoyote. Hata katika hospitali zetu kazi hiyo twaiona ikifanywa na jamaa waliokuja na chupa ya chai na kanga ya kubadilishia, kwa kuwa muuguzi ana wagonjwa wengi wa kuangalia.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nchi moja, Ujerumani, ilivyolijibu swali hilo kwa sheria, na hasa jinsi ilivyobadili kipimo chake mwaka 2017. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, huko utunzaji wa nyumbani umefungamanishwa na bima ya afya ya umma: kila aliye mwanachama wa mfuko wa afya wa umma huwa papo hapo mwanachama wa mfuko wa utunzaji ulio chini ya paa lilelile. Pili, mabadiliko hayo yanatuonyesha jambo la kisayansi lisilo na mipaka ya nchi, kwamba bima hulipia kile inachoweza kukipima. Kisichoingia katika kipimo hakilipwi, hata kiwe kizito namna gani.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kwa "utunzaji wa mwili" nina maana ya msaada katika mambo ambayo mtu mwenye afya hujifanyia mwenyewe kila siku: kuosha mwili, kuvaa, kula, kujisaidia, kulala na kuamka. Huu si uuguzi wa kitabibu kama kuchoma sindano ya insulini au kufunga kidonda. Wajerumani wametenga mambo haya mawili kwa mstari mkali. Muuguzi aweza kufika asubuhi katika nyumba ya mzee mmoja, akamchoma sindano, kisha akamwogesha. Sindano italipwa na mfuko wa afya kwa amri ya daktari, na kuoga kutalipwa na mfuko wa utunzaji. Mtu ni mmoja, asubuhi ni moja, ila hati za malipo ni mbili.

Nguzo ya tano

Ujerumani ndiyo nchi iliyotangulia katika bima za lazima kwa wafanyakazi. Bima ya ugonjwa ilianzishwa mwaka 1883 chini ya Bismarck, ya ajali kazini mwaka 1884, na ya uzee na ulemavu mwaka 1889. (Msomaji wa historia atakumbuka kwamba ni serikali iyo hiyo iliyotoa, mwaka 1885, hati ya ulinzi juu ya nchi alizodai Carl Peters huku kwetu.) Bima ya ukosefu wa kazi ilifuata mwaka 1927. Tangu hapo, kwa karibu miaka sabini, nguzo zilikuwa nne. Mzee aliyedhoofika akahitaji kutunzwa alijigharimia mwenyewe. Akiba yake ikiisha, alikwenda kuomba msaada wa maskini unaotolewa na halmashauri ya mji wake. Watu waliofanya kazi maisha yao yote na kulipa michango yao yote walijikuta uzeeni wakihesabiwa miongoni mwa mafukara. Halmashauri nazo zikaona mzigo huo unazidi kuwalemea, na nadhani kilio chao kilisikika upesi zaidi kuliko cha wazee.

Hatua ya kwanza ilipitia katika bima ya afya yenyewe. Sheria ya marekebisho iliyoanza kutumika mwaka 1989 iliagiza kwamba kuanzia mwaka 1991 mifuko ya afya iwalipie wale wenye kuhitaji utunzaji mzito ziara 25 za mtunzaji kwa mwezi, kwa gharama isiyozidi Mark 750. Familia iliyopenda kumtunza mtu wake yenyewe ilipewa Mark 400 taslimu. Kisha, baada ya ubishi mrefu bungeni, sheria ya bima ya utunzaji ilipitishwa mwaka 1994, waziri mhusika akiwa Norbert Blüm. Michango ilianza kukatwa tarehe 1 Januari 1995, malipo ya utunzaji wa nyumbani yakaanza Aprili mwaka huo, na ya nyumba za wazee Julai 1996.

Waajiri walilalamika kwamba wao nao wangelipa nusu ya mchango. Ili kuwafidia, sikukuu moja ya Waprotestanti, Siku ya Toba na Sala, iliyoangukia Jumatano ya Novemba, ilifutwa katika orodha ya siku za mapumziko. Jimbo moja tu, Sachsen, lilikataa kuiachia. Mpaka leo wafanyakazi wa Sachsen huipumzika siku hiyo, lakini huilipia: mwaka 2025 mchango wa mfanyakazi huko ulikuwa asilimia 2.3 ya mshahara na wa mwajiri 1.3, hali kwingineko kila mmoja alitoa 1.8.

Saa ya ukutani

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Mfuko ukishakuwa na fedha, utajuaje nani apewe, na apewe kiasi gani? Sheria ya 1994 ilichagua kipimo ambacho kila mtu anakijua, nacho ni saa. Mkaguzi, ambaye alikuwa daktari au muuguzi, alikwenda nyumbani kwa mwombaji na kukadiria ni dakika ngapi kwa siku, kwa wastani wa juma zima, ambazo jamaa asiye na ujuzi wa uuguzi angehitaji ili kumtunza. Ngazi zilikuwa tatu. Kwa ngazi ya kwanza zilitakiwa angalau dakika 90 kwa siku, na kati ya hizo zaidi ya 45 ziwe za utunzaji wa mwili hasa. Zilizobaki zingeweza kuwa za kazi za nyumbani kama kupika, kufua na kununua chakula. Kwa ngazi ya pili zilitakiwa saa 3, mbili kati yake zikiwa za mwili. Kwa ngazi ya tatu saa 5, nne zikiwa za mwili, tena msaada uhitajike hata usiku.

Ili wakaguzi wasitofautiane mno, walipewa mwongozo wa nyakati. Kuosha mwili mzima kulikadiriwa dakika 20 hadi 25. Kusafisha meno, 5. Kunyoa ndevu, 5 hadi 10. Kuchana nywele, 1 hadi 3. Kuvaa nguo zote, 8 hadi 10. Kuvua, 4 hadi 6. Mkaguzi aliruhusiwa kutoka nje ya viwango hivyo kama alikuwa na sababu ya kuandika, lakini ndivyo vilivyokuwa mzani wake wa kawaida.

Tuchukue mfano wa mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, na kwa ajili ya hesabu tuseme mambo yote sita niliyoyataja hafanyi mwenyewe hata moja, ila mengine yote anayamudu. Tukijumlisha viwango vya chini: 20 na 5 na 5 na 1 na 8 na 4, twapata dakika 43. Tukijumlisha vya juu: 25 na 5 na 10 na 3 na 10 na 6, twapata 59. Mpaka wa sheria ulikuwa zaidi ya 45. Basi mzee yuleyule, kwa mwili uleule na mwongozo uleule, aliweza kupewa au kunyimwa kwa kadiri mkaguzi alivyoona kasi ya mkono wa binti yake. Si ajabu kwamba familia zilishauriwa kuweka daftari la utunzaji na kuandika humo, juma zima, kila tendo na dakika zake, ili siku ya ukaguzi wawe na cha kuonyesha.

Lakini upungufu huo wa dakika chache ungeweza kurekebishwa kwa mwongozo bora. Upungufu mkubwa ulikuwa mwingine, nao haukuwa wa kupima vibaya, bali wa kutokupima kabisa.

Asiyeonekana kwa saa

Sheria ile ilihesabu matendo yaliyoorodheshwa tu: usafi wa mwili, ulaji, mwendo, na kazi za nyumba. Kutoka nje kulihesabiwa ikiwa ni kwa haja kama ya kwenda kwa daktari. Matembezi ya kupunga hewa hayakuhesabiwa. Orodha hiyo ilimfaa mtu ambaye viungo vyake vimekataa kutii. Sasa fikiria mtu ambaye viungo vinatii barabara, ila akili ndiyo inayoondoka.

Dimenshia ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo pole pole, na ule wa Alzheimer ndio ulio wa kawaida kuliko yote. Mgonjwa huanza kwa kusahau mambo ya jana, kisha hupoteza mpangilio wa matendo, kisha hawatambui wanawe. Miguu yake inaweza kubaki na nguvu kwa miaka. Tumchukue bibi mmoja wa mfano, mwenye umri wa miaka 78. Anatembea bila fimbo. Kijiko anakishika. Ukimpa gauni analivaa, ingawa pengine hulivaa juu ya jingine. Usiku huamka saa nane, akafungua mlango na kutoka kwenda kumtafuta mama yake aliyekufa miaka 40 iliyopita. Huwasha jiko la gesi akaliacha. Binti yake hawezi kwenda dukani na kumwacha peke yake hata kwa nusu saa.

Mkaguzi wa zamani angekuta nini? Haki itendeke: kumwelekeza bibi wakati wa kuoga na kuvaa kulihesabiwa, maana sheria ilikubali kwamba kusimamia tendo lililo katika orodha ni kulisaidia. Tuseme angepata dakika 40 kwa siku. Lakini kumlinda asitoke usiku, kulizima jiko, kumtuliza akiogopa, kuketi naye ili asipotee, vyote hivyo havikuwamo katika orodha, kwa hiyo vilipewa dakika sifuri. Arobaini haizidi 45. Binti aliyekesha angeandikiwa kwamba mama yake hahitaji utunzaji kwa maana ya sheria.

Kasoro hii ilijulikana mapema, na serikali ilijaribu kuitia viraka. Kuanzia mwaka 2002 watu wenye kuhitaji uangalizi wa namna hiyo waliongezewa hadi Euro 460 kwa mwaka, kiasi kisichozidi Euro 40 kwa mwezi. Mwaka 2008 ikawa Euro 100 au 200 kwa mwezi, hata kwa wale wasiofikia ngazi ya kwanza. Watu wakaiita kwa mzaha "ngazi ya sifuri". Mwaka 2013 kiraka kikapanuliwa tena. Nguo, hata hivyo, ilikuwa ileile.

Kipimo kipya

Mwaka 2006 wizara ya afya iliunda baraza la wataalamu kuchunguza maana yenyewe ya neno "kuhitaji utunzaji". Chombo kipya cha upimaji kilibuniwa na wanasayansi wa utunzaji wa Chuo Kikuu cha Bielefeld kwa kushirikiana na idara ya ukaguzi ya Westfalen-Lippe, na baraza likatoa taarifa yake mwaka 2009. Jibu la kisayansi, kwa hiyo, lilikuwa mezani mwaka huo. Sheria ya kulitumia ilipitishwa mwaka 2015, nalo likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2017. Miaka minane ilipita katikati, pamoja na baraza la pili na majaribio, na sababu yake haikuwa sayansi. Kila serikali iliyofungua faili ilikuta humo hesabu ya gharama, ikalifunga.

Wazo la kipimo kipya ni rahisi kulieleza. Haliulizi tena "msaidizi atatumia dakika ngapi?" bali huuliza "mtu huyu anaweza nini mwenyewe?" Macho ya mkaguzi yamehama kutoka kwa mtunzaji hadi kwa mtunzwa. Maisha ya kila siku yamegawanywa katika nyanja sita: mwendo, akili na mawasiliano, tabia na hali ya nafsi, kujihudumia, yaani kuoga, kuvaa, kula na kujisaidia, kumudu ugonjwa na matibabu yake, na kupanga siku pamoja na kuonana na watu. Katika vipengele vingi mkaguzi huchagua mojawapo ya majibu manne, kuanzia "anajitegemea", ambalo ni alama 0, hadi "hajitegemei", ambalo ni alama 3. Vipengele vingine huongezewa uzito: kula huhesabiwa mara tatu, kunywa na kwenda msalani mara mbili. Katika nyanja ya tabia kinachohesabiwa ni idadi ya nyakati: jambo litokealo kila siku hupata alama 5, litokealo mara chache katika majuma mawili hupata 1.

Hatimaye alama za kila nyanja hugeuzwa kwa jedwali ili zilingane na uzito uliowekwa na sheria. Jumla kubwa kabisa ni 100. Kujihudumia peke yake kunaweza kuleta hadi 40, kumudu ugonjwa, 20, kupanga siku, 15, mwendo, 10. Akili na tabia huleta 15, lakini si zote mbili: huchukuliwa ile iliyo kubwa kati yake, nyingine ikaachwa. Atakayepata 12.5 huingia daraja la 1, kuanzia 27, la 2, kuanzia 47.5, la 3. Kuanzia 70, la 4. Na kuanzia 90, la 5.

Turudi kwa bibi yetu. Katika mwendo amepata 0, kwa kuwa anatembea. Katika akili ameharibikiwa sana, 15. Katika tabia, kuhangaika usiku kila siku ni alama 5, na kuzurura mchana kila siku ni 5 nyingine; jumla 10, ambayo katika jedwali ni 15. Hizo mbili zinalingana, basi tunahesabu 15 mara moja. Katika kujihudumia anahitaji kuongozwa karibu katika kila kitu, tuseme alama 9, na jedwali linampa 20. Vidonge vyake hupewa mara mbili kwa siku, hiyo ni 5. Siku yake hawezi kuipanga, wala hawezi kuzungumza na mgeni kwa maana. Alama 9 hapo ni 11.25. Jumla: 0 na 15 na 20 na 5 na 11.25, yaani 51.25. Bibi ambaye saa haikumwona ameingia daraja la 3, na kule kuamka kwake saa nane za usiku kumeandikwa kwa mara ya kwanza katika karatasi ya bima.

Waliokuwa wakilipwa chini ya sheria ya zamani walihamishwa bila kukaguliwa upya. Mwenye ulemavu wa viungo tu alipanda namba moja, mathalani kutoka ngazi ya 2 hadi daraja la 3. Aliyekwisha kutambuliwa kuwa na upungufu wa akili alipanda namba mbili. Hakuna aliyeruhusiwa kupoteza. Kwa waombaji wapya, hata hivyo, mambo si laini hivyo. Mwenye akili timamu ambaye ameharibika miguu atapata 10 tu kwa mwendo hata akiwa hawezi kugeuka kitandani, na nyanja mbili za akili hazimletei kitu. Kila mzani unaoinua upande mmoja hushusha mwingine, na wabunifu wa mzani huu walijua hivyo walipogawa asilimia. Uzito wa 40 au wa 15 hautoki katika maabara. Ni uamuzi wa watu juu ya kipi ni kizito maishani, uliovikwa namba.

Fedha na wanaozitoa

Daraja la 1 hupewa kidogo, hasa Euro 131 kwa mwezi za kugharimia msaada mdogo mdogo (hiki ni kiwango cha 2025). Kuanzia daraja la 2 familia huchagua. Yaweza kuchukua huduma, yaani kampuni ya watunzaji ije nyumbani na kulipwa na mfuko; au yaweza kuchukua fedha taslimu na kumtunza mtu wao wenyewe. Kwa daraja la 3 mwaka 2025 huduma ilikuwa hadi Euro 1,497 kwa mwezi, na fedha taslimu Euro 599. Zaweza pia kuchanganywa: familia ya bibi yetu ikitumia asilimia 60 ya huduma, yaani Euro 898.20, hubaki na haki ya asilimia 40 ya fedha taslimu, yaani Euro 239.60. Wanaochukua fedha peke yake hawadaiwi risiti, ila mtaalamu huja angalau kila nusu mwaka kuangalia hali ya mtunzwa na kutoa ushauri. Aidha mfuko humlipia mtunzaji michango ya pensheni, akiwa anatunza angalau saa 10 kwa juma na kazi yake ya mshahara haizidi saa 30. Jambo hili la mwisho naliona kuwa la busara kuliko yote. Binti anayeacha kazi ili amtunze mama hupoteza mshahara wa leo, na vilevile huupoteza uzee wake mwenyewe.

Fedha hizo zatoka wapi? Mchango ulianza kwa asilimia 1 ya mshahara mwaka 1995, ukawa 1.7 mwaka uliofuata. Mwaka 2017, kipimo kipya kilipoanza, ulikuwa 2.55, mwaka 2019 ukawa 3.05, Julai 2023 ukawa 3.4, Januari 2025 ukafika 3.6. Watunzwa walikuwa kama milioni 2 mwaka 1999, milioni 2.9 mwaka 2015, na milioni 5.7 mwishoni mwa 2023, na katika hao wa mwisho takriban asilimia 86 walitunzwa nyumbani. Ongezeko hilo si la uzee peke yake. Sehemu yake kubwa yatokana na kipimo chenyewe, ambacho kimewaingiza hesabuni watu waliokuwako tangu zamani bila kuhesabiwa.

Katika habari ya michango kuna hukumu moja ambayo msomaji wa Kiafrika ataipenda. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba si haki wazazi walipe mchango sawa na wasio na watoto. Hoja yake ilikuwa kwamba bima ya namna hii huwalipa wazee wa leo kwa michango ya vijana wa leo, hivyo anayelea mtoto anatoa mchango wa pili, ambao ni mchangaji wa kesho. Tangu mwaka 2005 wasio na watoto wenye umri wa zaidi ya miaka 23 hulipa nyongeza. Ilikuwa asilimia 0.25, na tangu 2023 ni 0.6. Mwaka huo wa 2023 wenye watoto wadogo wawili au zaidi walipunguziwa pia. Wazee wetu wanaosema kwamba mtoto ni akiba wangeshangaa kuona maneno yao yakitolewa na majaji wenye majoho mekundu.

Hata hivyo bima hii haikukusudiwa kamwe kulipa gharama yote. Wajerumani wenyewe huiita bima ya sehemu. Na sehemu hiyo hupungua usipoitazama. Fedha taslimu za daraja la 2 ziliwekwa Euro 316 mwaka 2017 zikabaki hapohapo hadi mwisho wa 2023, huku bei za vitu zikipanda. Zilifanywa 332 mwaka 2024 na 347 mwaka 2025.

Mikono ni ya nani

Mwishoni mwa 2023 watunzwa wapatao milioni 3.1 walikuwa wakitunzwa nyumbani hasa na jamaa zao. Sheria haisemi ni jamaa gani, lakini kila mtu anajua: wengi wao ni wake, mabinti na wakaza wana. Japani, ilipoanzisha bima yake ya utunzaji mwaka 2000, iliufikiri mfano wa Wajerumani, ikakataa fedha taslimu na kutoa huduma tu. Vikundi vya wanawake vilipinga fedha hizo kwa hoja kwamba zingewafunga wakaza wana jikoni kwa malipo madogo. Mimi sioni kwamba Wajapani walikosea, wala sioni kwamba familia ya Kijerumani inayochagua fedha imedanganyika. Lakini ni kweli kwamba fedha taslimu hupungua sana chini ya thamani ya huduma, na tofauti hiyo hujazwa na kazi ya mtu asiyelipwa.

Au hujazwa na mgeni. Familia nyingi za Ujerumani huzichukua fedha za bima, zikaongeza zao, na kumwajiri mwanamke kutoka Poland, Romania au Bulgaria aishi nyumbani pamoja na mzee. Mkataba huandika saa chache. Kazi huwa ya mchana na usiku. Mwanamke mmoja wa Bulgaria, ambaye mkataba wake ulitaja saa 30 kwa juma, alishitaki, na tarehe 24 Juni 2021 Mahakama Kuu ya Kazi ikaamua kwamba saa za kukaa tayari kuitwa nazo ni kazi, na ni lazima zilipwe mshahara wa kima cha chini. Tupige hesabu kwa viwango vya 2025, ambapo kima cha chini kilikuwa Euro 12.82 kwa saa. Siku moja ya saa 24 ni Euro 307.68. Fedha taslimu za daraja la 5, lililo la juu kuliko yote, zilikuwa Euro 990 kwa mwezi, nazo zingetosha siku tatu na robo hivi.

Kwa hiyo dakika, ambazo bima ilikwisha kuziacha, zilirudi kwa mlango mwingine. Mahakama Kuu iliirudisha kesi ile kwa mahakama ya chini, ili ichunguze ni saa ngapi hasa yule mwanamke alikuwa kazini, na ni saa ngapi alikuwa huru kutoka chumbani mwa mzee.